Miguu ya Gari la Sista Nyaguthii

Mwezi uliopita tulimzika Sista Nyaguthii huko juu ya Othaya, kando ya shamba lake la chai, na kijana aliyesoma wasifu wake alisema marehemu aliwahudumia akina mama wa vilima vile kwa miaka mingi "bila usafiri wa maana." Nilikuwa nimeketi safu ya tatu chini ya turubai, na magoti yangu ya uzee yalitaka kuinuka yenyewe. Sikuinuka. Mazishini mtu hasahihishi msomaji. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilala na kuamka na gari lake lile, na mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, nikisimama nyuma ya kaunta ya duka la spea mjini Nyeri na kudhani kwamba ninajua kazi.

Duka lilikuwa la Bwana Gichuki, mtu mpole aliyevaa sweta mbili hata wakati wa jua. Mbele kulikuwa na kaunta ndefu ya mbao iliyong'arishwa na viwiko vya madereva, na nyuma kulikuwa na stoo isiyo na dirisha ambako matairi yalipangwa hadi darini. Harufu ya mpira mpya ilinipata asubuhi nikifungua mlango na ikanifuata nyumbani jioni. Mpaka leo nikiinusa mahali, naona stoo ile. Kazi yangu ilikuwa kujua kila kitu kiko wapi. Mtu akija na kipande cha chuma kilichovunjika mkononi, mimi ndiye niliyekitazama, nikafungua katalogi, nikamwambia jina lake na namba yake. Zile katalogi nilizipenda kama wengine walivyopenda vitabu vya hadithi. Zilikuwa na michoro ya gari lililofumuliwa, kila bolti ikielea hewani mahali pake, na nilipokuwa nikila githeri yangu ya mchana kwenye kiti cha nyuma, nilizifungua nikazitazama kwa mshangao uleule kila siku, kwamba kuna watu mahali fulani walioketi wakafikiria hata kijipete kisichozidi ukucha.

Siku gari la Sista lilipofika mara ya kwanza, kaunta nzima iligeuka kulitazama. Lilikuwa la kijani kibichi, la viti viwili tu, refu puani na fupi mgongoni, na magurudumu yake yalikuwa ya spoki nyembamba kama ya baiskeli. Lilikuwa chini sana, hata mbuzi angeweza kumwangalia dereva wake machoni. Ndani yake mlitoka mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenye sare nyeupe ya wauguzi na buti za mpira za shambani. Tulimjua kwa jina. Alikuwa mkunga wa zahanati ndogo iliyo juu kule karibu na msitu, na akina mama wengi wa Othaya hadi Kiriaini walimwita yeye kabla ya kumwita padre. Gari aliachiwa na mke wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, ambaye Sista alimzalisha mapacha katika siku ngumu. Walipofunga mizigo kuhama, mama yule alimpa ufunguo. Hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Halibebi kahawa, halibebi ng'ombe, halibebi hata watoto wako wote kwenda kanisani.

"Matairi imeisha," Sista aliniambia, akiegemea kaunta. "Na hizi vitu za kuzuia gari isiruke, sijui mnaziitaje, fundi anasema zimekufa."

"Shokomzoba," nikasema.

"Hiyo. Wairimu, si ndiyo jina yako? Wanasema wewe ndiye unajua hii duka. Nichagulie. Barabara yangu unaijua."

Nikasema ninaijua. Hilo ndilo jambo ambalo nimelifikiria zaidi maishani kuliko mengi makubwa niliyoyatenda baadaye. Sikuwahi kupita barabara ile. Nilikuwa nimeishi mjini, nikatembea kwenye lami ya mjini, na kule juu kwake nilikuwa nimepaona kwa mbali tu, asubuhi ambazo mawingu yalifunguka na milima ya Nyandarua ikajitokeza ya buluu. Lakini nilikuwa na katalogi, na nilikuwa na madereva wa malori ya kahawa walioshinda kaunta yangu wakizungumza, na nilidhani kuvisikia na kuviona vitu ni kitu kimoja. "Huko juu inataka tairi ngumu," walisema. "Inataka meno. Na shoki weka ngumu kabisa, gari isicheze." Walisema hivyo kwa sauti za watu waliopita matope mengi, na walikuwa wamepita kweli, ila kwa lori la tani saba.

Basi nikamchagulia Sista matairi mapana kuliko aliyokuja nayo, mazito, yenye kuta nene na meno makubwa, ambayo yaliingia kwa taabu chini ya madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu. Shokomzoba za gari lile hazikuwa za bomba kama za siku hizi. Zilikuwa visanduku vya chuma, kila kimoja ukubwa wa ngumi mbili, chenye mkono mmoja uliotokeza nje ukashikana na gurudumu, na ndani mlikuwa na oili. Oili ikiwa nzito, gurudumu linapanda na kushuka kwa shida. Ikiwa nyepesi, linacheza. Nilimpa fundi wetu, Mzee Ndirangu, kopo la oili nzito kuliko zote tulizokuwa nazo.

Ndirangu alikuwa na gereji nyuma ya duka, chini ya paa la mabati, na alikuwa mtu wa maneno machache. Alilitazama kopo, akanitazama.

"Si hii ni nzito sana kwa hii gari ndogo?"

"Barabara ya kule ni mbaya, Mzee."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unasoma vitabu."

Gari lilipotoka gereji lilikuwa limeinuka na kukaza misuli, na wanaume wote mtaani walilisifu. Sista aliondoka akipiga honi. Siku ile nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mrefu.

Mvua za masika zilikuja. Asubuhi moja nilikuwa nikihesabu plagi kwenye droo, na madereva wawili walikuwa wakinywa chai na kula andazi kwenye kaunta, migongo yao kwangu, wakiongea kama watu wanaoongea juu ya mechi ya mpira.

"Umesikia yule nesi wa gari ya kijani? Ameingia kwa mtaro pale mteremko wa Gakindu."

"Ati ameumia?"

"Kichwa kidogo. Wachuna chai ndio walivuta gari. Na alikuwa anaenda kuzalisha mtu. Ameenda na miguu, maili mbili, damu ikimwagika hivi."

"Gari ya kuonyesha maringo hiyo," akasema wa kwanza. "Huko si kwake." Wakacheka, si kwa ubaya, wakaomba sukari zaidi.

Sikuuliza kama mtoto alikuwa mzima. Niliogopa. Nilifunga droo, nikaenda stoo, nikasimama katikati ya yale matairi yaliyopangwa hadi juu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kila moja litaondoka hapa likakutane na mahali fulani penye mteremko, siku fulani ya mvua, likiwa limembeba mtu. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi tangu wakati ule, na bado siwezi kusimama katika stoo yoyote ya matairi nisifikirie hilo.

Jumamosi Bwana Gichuki aliniruhusu kutoka saa sita, nikapanda hadi Othaya, na kutoka hapo nikatembea. Nyumba ya Sista ilikuwa ya mbao, na jikoni kuta zilibandikwa magazeti ya zamani yaliyogeuka rangi ya chai. Nilimkuta akiponda mukimo kwenye sufuria kubwa, plasta nyeupe juu ya jicho la kushoto. Hakushangaa kuniona. Alinipa kigoda, akanipakulia chakula kabla sijasema neno, na kwetu huwezi kukiri kosa mdomo ukiwa umejaa, kwa hiyo nilikula. Kulikuwa na viazi na njahi na majani ya malenge, na mvua ilikuwa ikipiga mabati, na nilikuwa nikila huku machozi yakiingia kwenye sahani.

"Sista," nikasema hatimaye, "mimi sijawahi kupita hii barabara. Nilikudanganya."

Aliendelea kuponda kidogo, kisha akaweka mwiko chini.

"Nilijua siku ya pili," akasema. "Ile gari ilikuwa inaruka kama chura. Stelingi inakuwa nyepesi, unasikia kama mtu amekuachia mkono. Nikasema labda itazoea. Hapo nami nilikosea. Gari haizoei."

"Na mtoto?"

"Nilimpata amefungwa na kitovu shingoni. Ametoka wa buluu. Nikampumulia mpaka akalia." Alinitazama moja kwa moja, bila hasira, na afadhali angekasirika. "Anaishi. Lakini ningechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea maneno mengine. Huo wakati tulipoteza, nusu ni yako na nusu ni yangu. Sasa lala hapa. Kesho asubuhi utaenda uone barabara."

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika. Mawingu yaliondoka kwenye Mlima Kenya polepole, kutoka chini kwenda juu, na barafu ya kileleni ikajitokeza ikiwa na rangi ya waridi, karibu sana, kana kwamba ungeweza kusikia ubaridi wake. Nilikuwa nimeuona mlima huo kila siku ya maisha yangu, lakini sikuwa nimewahi kuuona nikiwa nimekaa chini hivyo, ndani ya gari lililokunjwa turubai lake la juu, ardhi ikipita karibu na kiwiko changu. Niliona haya kufurahi. Lakini nilifurahi. Injini ilinguruma mbele yetu kama mnyama anayeongea peke yake, na vilima vya chai vilifunguka na kujifunga pande zote.

Kwenye sehemu ya tambarare, ambako malori yalikuwa yamechonga barabara ikawa vijituta vilivyofuatana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, Sista alisimamisha gari. "Shuka," akasema. "Chuchumaa pale. Mimi nitapita. Wewe angalia gurudumu, usiangalie mimi."

Nilichuchumaa kwenye majani yenye umande. Alirudi nyuma, akaja kwa mwendo wake wa kawaida, akapita mbele ya uso wangu, na nikaona. Niliona mwanga chini ya gurudumu. Liligonga tuta, likainuka, na kabla halijashuka tuta lingine likalifikia, kwa hiyo lilikuwa likining'inia hewani, likigusa ncha tu, kama mtu anayekimbia juu ya mawe ya moto. Oili yangu nzito ilikuwa imelishika isivyofaa, lisiweze kurudi chini. Nilikuwa nimechora picha ya gari gumu linalobana ardhi, kumbe nilikuwa nimemwinua Sista Nyaguthii kutoka ardhini na kumwacha hapo.

Kule kwenye mteremko, mtaro ulikuwa bado na alama ya pua ya gari. Sista aliniambia nivue viatu. Nikavua, nikasimama katikati ya kona. Juu kulikuwa na utelezi kama wa sabuni, nikaenda upande mmoja nikashika mkono wake. "Simama kwa vidole," akasema. Nilisimama kwa vidole, nikazama kidogo, na vidole vyangu vikakuta, chini ya matope ya unene wa vidole viwili, changarawe ngumu, kavu kabisa. Nilisimama pale na miguu yangu ikiwa imeshikilia dunia. Sikuhitaji kuambiwa. Yale matairi mapana yalikuwa yakielea juu ya sabuni. Lililotakiwa hapa lilikuwa tairi jembamba linalokata, lifike chini, lipate kilicho kigumu.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, Sista."

"Sasa ndiyo unaijua."

Wiki iliyofuata nilipanda ngazi stoo na kushusha matairi yaliyokaa nyuma kabisa, yenye vumbi, membamba, ambayo hakuna dereva aliyewahi kuyauliza. Niliyapima kwa uzi, nikayabonyeza ukutani kwa goti kuona kama yanainama. Nilichagua manne yenye mifereji iliyo wazi na mirefu, ambayo matope yakiingia yanaweza kutoka, na kuta laini zinazojua kukunjika. Dereva mmoja aliniuliza kama ninauza matairi ya baiskeli siku hizi. Nilimwambia ndiyo.

Sista alipotuachia gari, shokomzoba tulizifungua na Ndirangu kwenye benchi lake, mimi na yeye, mchana mzima wa Jumapili. Tulipofungua kifuniko cha ile ya mbele kushoto na kumwaga oili, nilitazama ndani. Kitu kizima kilichoamua kama gurudumu litagusa ardhi au la kilikuwa kijishimo kisichozidi punje ya mtama, na mbele yake springi ndogo kama ya kalamu. Hapo ndipo oili hupita. Gari zima, na injini yake, na Sista na buti zake na begi lake la kuzalishia, vyote vilikuwa vikiomba ruhusa kwenye kijishimo kile. Na ile springi ilikuwa imevunjika.

"Hata oili nzuri haingesaidia hii," Ndirangu akasema. Nilijua alikuwa akinipunguzia mzigo.

Alitoa springi nyingine kwenye gari bovu lililokuwa nyuma ya gereji. Tukaosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Kisha nikamwomba tujaribu oili tatu, nyepesi, ya kati, na ile yangu, tukibana kisanduku kwenye jiliwa na kusukuma mkono wake kwa mikono yetu. Nilisukuma nikiwa nimefumba macho. Ile nzito ilinikatalia. Ile nyepesi ilianguka kama mlango usio na bawaba. Ya kati ilishuka nami, ikinizuia kidogo, kama mtu mzee anayeshikwa mkono kuteremka ngazi. Nilisukuma tena na tena, kwa sababu sikutaka kuacha. "Hiyo ndiyo," Ndirangu akasema, bila mimi kumwuliza. Jioni gari lilipokuwa chini, alibonyeza madigadi kwa uzito wake wote na kuachia. Lilishuka, likapanda, likatulia. Tulifanya hivyo pembe zote nne, na kila mara tulisimama tukilitazama likitulia, watu wazima wawili, kama watu wanaotazama maji.

Sista alisema hataamini mpaka nipande naye. Jumamosi iliyofuata tulikuwa njiani kwenda kwake, mvua ikinyesha na turubai la gari likivuja kwenye goti langu, mtu alipotusimamisha sokoni Othaya. Alikuwa mwanamume mwenye kofia mkononi. Mkewe alikuwa amebanwa tangu asubuhi, upande wa Kiriaini, kilimani. Sista alimwuliza njia, akamwambia afuate kwa miguu. Alinipa begi nilishike mapajani.

Sijui kueleza vizuri safari ile. Nimepanda magari mengi tangu hapo, mengine ya watu wakubwa, na hakuna lililonionyesha tena jambo lile. Kwenye zile mbavu za barabara nilingoja mtikisiko, na mtikisiko ulikuja, lakini ulikuwa chini yetu, kazini, na sisi tulikuwa juu yake tukipita. Nilisikia kila jiwe. Nilisikia gurudumu likishuka shimoni na kupanda, lisiache ardhi hata mara moja. Kwenye mteremko mkali wa kuvuka mto, kona ikiwa nyekundu na yenye kung'aa, nilifunga macho. Nilisikia mkia wa gari ukianza kwenda, kidogo, na kisha kitu kikakata, kikafika chini, kikashika. Nilipofungua macho, Sista alikuwa akiimba kwa sauti ndogo wimbo wa kanisani, mkono mmoja kwenye gia.

"Imeshika," nikasema.

"Nimesikia," akasema, akaendelea kuimba.

Tulifika mpaka uani, mahali ambapo gari lolote lingine lingeachwa chini ya kilima. Sista aliingia nyumbani na begi lake, na mimi nikabaki uani chini ya ukingo wa paa, pamoja na kuku na mama mkwe wa yule mzazi, bibi kizee mwenye masikio yaliyotobolewa kwa desturi ya zamani, ambaye hakutaka kukaa. Baada ya muda ambao sikuupima, mtoto alilia ndani, kwa sauti kali ya mtu aliyeudhiwa. Bibi akafunga macho, akayafungua. Kisha akaniletea uji kwenye kibuyu, akasimama akinitazama nikinywa.

Sista alipotoka akifuta mikono, bibi alimwuliza kwa Kigikuyu ni nani aliyefanya kile kitu kidogo kiweze kupanda mpaka hapa, maana lori la chai lenyewe hukwama. Sista akanielekeza kwa kidevu. "Ni huyu msichana. Yeye ndiye alikichagulia miguu."

Bibi alinishika mikono, akaigeuza viganja juu, akavitemea mate mepesi kama wazee wetu walivyobariki. Halafu akatembea kuelekea kwenye gari mvuani. Aliinama kwenye gurudumu la kwanza, akafuta tope kwa kidole, akatemea mate kifuani kwake na kuligusa. Akaenda la pili, la tatu, la nne, bila haraka, akizunguka. Alipomaliza aliniuliza kama ndiyo yote, au kuna kingine.

Nikamwambia kuna vitu vingine vinne, vidogo, viko ndani, havionekani, na ndivyo vinavyoshikilia magurudumu yasiache ardhi.

Akafikiri. Kisha akakusanya shuka lake, akapiga magoti matopeni, akainamisha kichwa chini ya gari kuvitafuta. Nami nikapiga magoti kando yake, nikanyoosha mkono, nikamwonyesha.